Nimenyamaza ili nisikosee, lakini moyoni nachemka: je, huu ndio uvumilivu?

Mama wa Nyalenda, Kisumu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada. Naomba msaada wa mawazo na wa Maandiko juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ambalo sijathubutu kuliuliza kanisani kwa sababu pale wananifahamu kuwa mtu asiye na neno na mtu.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, nami huuza omena katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Mume wangu anafanya kazi Nairobi na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Tunaishi na mdogo wake, ambaye alikuja kwetu alipomaliza shule, na sasa anaendesha bodaboda. Simchukii, wala sijamnyima chakula au mahali pa kulala. Kinachonisumbua ni kwamba hachangii chochote, huingia usiku wa manane akigonga mlango mpaka watoto waamke, na nikimuuliza jambo hunijibu kwa mkato mbele ya watoto hao hao.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka sokoni jioni, nikakuta mitungi minne ya maji, ambayo nilikuwa nimeinunua asubuhi kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa kuwa mifereji ilikuwa imekauka, yote imelala chini tupu, na pikipiki imesimama mlangoni inang'aa, matone yakiwa bado yanadondoka kwenye spoku. Yeye alikuwa ameketi kando akitazama simu. Nilimsalimu, nikapita, nikaingia jikoni bila kusema neno. Baada ya muda mfupi binti yangu, aliye gredi ya nne, akaangusha kikombe ambacho hata hakikuvunjika, nami nikamfokea kwa sauti iliyofika kwa majirani. Mtoto aliokota kikombe polepole huku amenikazia macho, akitafuta kosa lake ni lipi.

Kiongozi wetu wa akina mama aliwahi kunitaja mbele ya wenzangu kuwa mfano wa uvumilivu. Mama mkwe naye huniambia kwamba mke mwenye heshima hagombani na ndugu wa mume. Lakini najua ninavyolala: nalala nikirudia moyoni maneno yote ambayo ningemwambia shemeji, na asubuhi naamka nimechoka. Je, huu ndio uvumilivu unaotajwa katika tunda la Roho, au ni hasira iliyonyamaza tu? Na kama sio, nitaupataje ule wa kweli bila kuvunja nyumba?

Kijana wa Bungoma

Dada yangu, pokea salamu kutoka Bungoma. Mimi naona umefanya vyema. Wahenga walisema hasira hasara, na tena mvumilivu hula mbivu. Mithali 19:11 inatufundisha kwamba busara ya mtu huiahirisha hasira yake, na kwamba ni fahari yake kusamehe makosa. Shemeji yako ni kijana. Atakomaa, ataoa, atahamia kwake. Neno moja lililosemwa vibaya kati ya mke na ndugu wa mume linaweza kudumu katika ukoo kwa miaka mingi, na huku kwetu nimeona ndugu wakigawana mashamba kwa uchungu kwa sababu ya maneno yaliyoanzia jikoni. Funga kinywa, piga magoti, mwachie Mungu.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Mama, nakusalimu kwa jina la Bwana. Nilifundisha katika shule za sekondari hapa Nakuru mpaka nilipostaafu, na sasa ninatumika kama mzee wa kanisa, ambako kesi nyingi zinazoletwa mbele yetu zinafanana na hii yako. Ndugu yetu wa Bungoma amesema kweli kuhusu hatari ya maneno, wala simpingi katika hilo, lakini naona amejibu swali ambalo hukuliuliza. Hukuuliza kama ufoke au usifoke. Umeuliza kama kimya chako ni uvumilivu, na jibu langu, kwa heshima, ni kwamba bado sio. Ni hasira ambayo haijapata njia ya haki ya kutokea, na kwa kuwa haikuipata ilijitafutia nyingine.

Karibu kila mahubiri juu ya hasira hutaja Waefeso 4:26, kwamba tuwe na hasira ila tusitende dhambi, na jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka. Wengi huusoma mstari huo peke yake. Rudi nyuma mstari mmoja, utamkuta Paulo akiwaambia Waefeso wavue uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, kwa maana sisi ni viungo kila mmoja cha mwenzake. Kwanza ukweli, kisha hasira. Mtu anayesema "hakuna neno" huku moyo umejaa hajauvua uongo, hata kama nia yake ilikuwa kulinda amani, na ndiyo sababu jua humchwea akiwa bado na uchungu ule ule.

Walawi 19:17 inalisema jambo hilo waziwazi zaidi kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu. Pale Mungu anakataza kumchukia ndugu moyoni, kisha katika sentensi iyo hiyo anaagiza kwamba tusiache kumkemea mwenzetu, tusije tukabeba dhambi kwa ajili yake. Mstari unaofuata ndio ule ambao Bwana Yesu aliutaja kuwa amri kuu ya pili, umpende jirani yako kama nafsi yako. Kwa hiyo katika Torati yenyewe kumwambia ndugu kosa lake kunakaa mlango mmoja na kumpenda, na kumnyamazia huku unamkasirikia kunahesabiwa kuwa ni karibu na kumchukia. Jambo hili ni zito, na nasikitika kwamba hatulifundishi vya kutosha katika makanisa yetu, hasa kwa akina mama, ambao huambiwa wanyamaze kisha wanasifiwa kwa kunyamaza.

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya pekee ya kuliogopa kimya cha namna hiyo. Mwishoni mwa Januari 2008, mapigano yaliyofuata uchaguzi yalipofika mjini hapa, yalikuwapo majumba ambamo watu walikuwa wameamkiana kwa adabu kila asubuhi kwa miaka mingi, na chini ya adabu hiyo kulikuwa na malalamiko ya mashamba na ya ukabila ambayo hakuna aliyekuwa ameyazungumza na mwenzake uso kwa uso. Silinganishi maji yako na umwagaji damu, mama. Nataka tu uone kwa nini baadhi yetu hatuamini tena kwamba nyumba isiyo na kelele ni nyumba yenye amani.

Sasa, namna ya kusema. Hapo ningekuomba usome 1 Samweli 25 yote, polepole. Nabali amewatukana watumishi wa Daudi, na Daudi ameshika njia akiwa na watu kama mia nne wenye panga, ameapa kuimaliza nyumba nzima. Abigaili hakai nyumbani akiomba tu. Anapakia mikate na kondoo na zabibu juu ya punda, anamkuta Daudi njiani, anashuka, anainama, kisha anamwambia ukweli ambao hakuna askari wake aliyethubutu kuusema, kwamba siku moja atakapokuwa mtawala asingependa moyo wake usutwe na damu iliyomwagwa bure. Maneno yake ni ya upole na hayana hata chembe ya unafiki. Anaporudi nyumbani anamkuta mumewe ana karamu na amelewa sana, nayo Maandiko yanasema hakumwambia neno lolote, dogo wala kubwa, mpaka kulipopambazuka. Usiku ule alinyamaza, lakini alikuwa amekwisha kuamua kwamba asubuhi atasema. Kimya chake kilikuwa na mwisho.

Ndivyo ningekushauri. Usimwambie shemeji usiku anapogonga mlango, wala jioni ukiwa umetoka sokoni na njaa, wala mbele ya wenzake wa steji, wala mbele ya watoto. Mtafute asubuhi moja kabla hajatoka, mpe chai, umwambie jambo moja tu, sio yote uliyoyahesabu tangu alipokuja. "Shemeji, yale maji nilikuwa nimeyanunua ya kupikia na ya watoto kuoga. Yalipokwisha niliumia. Naomba pikipiki ioshwe kwa maji utakayonunua wewe." Basi. Usitaje mlango, usitaje mchango, usitaje ndugu yake. Hayo yatapata siku yao.

Muuguzi wa Kakamega

Mwalimu amejibu vizuri upande wa Maandiko na wa mazungumzo. Naomba niongeze upande wa mwili, kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu naona Wakristo wengi tunalihesabu suala la hasira kuwa la kiroho tupu mpaka tunajilaumu kwa mambo ambayo sahani ya chakula ingeyapunguza.

Mtu anapokasirika mwili humwaga homoni za adrenalini na kotizoli, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi, na fikira hujifunga kwenye kile kilichomkasirisha. Mwili hauchukui muda mrefu kufika hapo, lakini kushuka huchukua muda, na katika muda huo jambo dogo sana, kama kikombe kilichoanguka, hupokelewa na mwili ambao tayari uko vitani. Ndiyo maana ulimfokea binti yako dakika chache baada ya kuona mitungi. Kimya hakikuushusha mwili. Kilifunga kinywa peke yake.

Biblia inamfahamu mtu wa namna hiyo. Soma Hesabu 20. Sura inaanza kwa kifo cha Miriamu, dada yake Musa, na mara baada ya kaburi lake tunaambiwa kwamba hapakuwa na maji na watu wakateta na Musa. Mungu akamwambia auambie mwamba. Musa, aliyekuwa amewavumilia watu wale tangu Misri, akawaita waasi na kuupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Zaburi 106 inasema kwamba watu waliichokoza roho yake, naye akasema yasiyofaa kwa midomo yake. Mwamba haukuwa umemkosea. Mimi huona katika sura hiyo mfiwa aliyechoka, ambaye hakupewa nafasi ya kulia kabla ya kudaiwa maji, na hata hivyo Mungu hakulipuuza kosa lake. Uchovu unaeleza kosa, hauliondoi.

Kwa hiyo nakuuliza maswali ya muuguzi. Unakula saa ngapi? Akina mama wengi wa sokoni ninaowahudumia hunywa chai na mandazi asubuhi, wasitie kitu kinywani mpaka ugali wa usiku. Unalala kiasi gani, ukiwa unaamshwa usiku wa manane na kuamka alfajiri kwa ajili ya soko? Eliya alipokuwa chini ya mretemu akiomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na mazungumzo na Mungu yakaja baadaye, kule Horebu. Kabla hujaingia jikoni jioni, keti. Kunywa maji, kula ndizi au kipande cha kiazi, na uvute pumzi taratibu huku ukiitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Waambie watoto kwamba mama anapumzika kidogo kwanza, nao watazoea.

Na kuhusu yale maneno unayoyarudia kitandani: hayo yanakudhuru kuliko unavyodhani. Watu wengi huamini kwamba hasira huisha ikimwagwa, kwa kupiga mto au kwa kumtukana mtu moyoni. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliokasirishwa walipewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewakasirisha, nao wakabaki na hasira zaidi kuliko wale walioketi kimya bila kufanya lolote. Kumfikiria aliyekukosea huku unajiandaa kumjibu ni kuilisha hasira, hata kama mikono imetulia chini ya blanketi. Zaburi 4 inatushauri tutafakari vitandani na kutulia. Haitushauri tufanye kesi.

Rafiki kutoka Vihiga

Nasema nikiwa muumini wa Kanisa la Marafiki (Quakers), ambalo hapa Kenya lilianzia Kaimosi mwaka 1902, na kwa kuwa Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, huenda wengi wenu mna jirani mmoja. Ibada zetu huku zina nyimbo na mahubiri kama za wengine, lakini tulirithi mafundisho juu ya amani na juu ya kukaa kimya mbele za Mungu, nami naona swali la mama linagusa hayo mawili.

Kipo kimya ambacho ndani yake mtu anamsikiliza Mungu, na kipo ambacho ndani yake mtu anajisikiliza mwenyewe. Kwa nje vinafanana kabisa. Zaburi 39 inamwonyesha Daudi akihama kutoka kimoja kwenda kingine. Anaanza kwa kuazimia kukitia kinywa chake lijamu wakati mtu mbaya yuko mbele yake, ananyamaza hata asiseme neno jema, na maumivu yake yanazidi, moyo wake unakuwa moto ndani yake. Kufikia hapo ni habari yako, mama, karibu neno kwa neno. Kisha anasema, lakini wa kwanza kuambiwa ni Bwana, na anachoomba ni ajulishwe mwisho wake na idadi ya siku zake. Haombi adui apigwe. Ndani ya sala, hasira yake inakutana na ufupi wa maisha yake, na ombi lenyewe linabadilika.

Ndiyo maana sitakuambia "omba tu", kama mtu anayefunga mjadala. Nakuambia umwombe Mungu ukimweleza habari yenyewe kama ilivyo: mitungi, pikipiki, jibu la mkato, maneno ya mama mkwe, sifa za kanisani ambazo zimekuwa mzigo. Ayubu alisema hatakizuia kinywa chake, naye akamlalamikia Mungu sura baada ya sura, na bado Yakobo 5:11 inamtaja yeye tunapotaka mfano wa subira. Kama subira ingekuwa ni kutolalamika, Ayubu asingetajwa. Hakuondoka mbele za Mungu; huko ndiko kuvumilia kwake.

Na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwalimu. Amekubali mapema mno kwamba mtu akisha kusema, hasira imepata njia. Nimewaona watu waliosema ukweli kwa upole, kwa wakati mzuri, na wakaondoka wakiwa na hasira zaidi kwa sababu walikuwa wanatazamia kuombwa msamaha na hawakuombwa. Mama asimwendee shemeji kabla ya kuweza kumwombea jambo moja jema kwa jina lake, na kulitaka kwa kweli. Labda ni usalama wake barabarani usiku, maana kazi ya bodaboda ina hatari nyingi. Ikichukua juma zima kufika hapo, basi ichukue.

Mlezi wa Wanandoa, Kisumu

Neno fupi kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa kuwa mama hajataja kupigwa wala kutishwa. Kama aliye nyumbani anakupiga, anakutishia au anawadhuru watoto, ushauri wa kumwalika chai ya asubuhi haukuhusu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani haiwahusu mume na mke peke yao. Inawahusu pia jamaa na watu wanaoishi katika nyumba moja. Namba 1195 hupokea simu za waathiriwa bila malipo, usiku na mchana. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli alikimbia, na hatusomi popote kwamba alikosa uvumilivu kwa kukimbia.

Mama wa Nyalenda, Kisumu

Nawashukuru nyote, hata ndugu wa Bungoma, maana hofu aliyoitaja ndiyo hofu yangu. Nimesoma majibu haya mara nyingi. Lile la Walawi sikuwa nimewahi kulisikia likihubiriwa.

Yamebaki mambo mawili. Mume wangu atakuja mwisho wa mwezi. Je, nimwambie yeye kwanza, au nizungumze na shemeji kabla? Nikimwambia mume, ananijibu kwamba nimvumilie kwa kuwa ni mdogo, na nikizungumza na shemeji peke yangu, naogopa atampigia kaka yake simu na kumwambia nimemfukuza. Na je, nikisema vizuri kama mlivyonifundisha, kisha asibadilike?

La pili ni binti yangu. Tangu siku ile hunitazama uso kabla ya kuniomba kitu.

Muuguzi wa Kakamega

Kuhusu binti, usingoje mpaka mambo ya shemeji yaishe. Mwite mkiwa wawili, mwambie kwamba kuangusha kikombe hakukuwa kosa la kufokewa, kwamba mama alikuwa na hasira ya jambo lingine, na kwamba unamwomba msamaha. Usimweleze habari za baba mdogo wake, kwa maana mtoto wa umri huo atambeba moyoni na kuanza kumchukia kwa niaba yako. Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wakakata tamaa, nami naamini linatuhusu akina mama vilevile. Wapo wanaosema mzazi akimwomba mtoto msamaha hupoteza heshima. Katika familia ninazozihudumia nimeona kinyume chake: mtoto aliyeombwa msamaha hujifunza kwamba hasira ya mama ina kikomo na ina maelezo, na huacha kujitafutia makosa ambayo hakuyafanya. Pengine atarudia kukutazama uso kwa siku kadhaa. Mwache akutazame.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Rafiki kutoka Vihiga amenionya vyema na nayapokea maneno yake. Mama, fuata shauri lake la kuomba kwanza.

Kuhusu nani aambiwe mwanzo, Mathayo 18:15 inaagiza mtu amwendee ndugu aliyemkosea wakiwa wawili peke yao. Kwa hiyo jambo la maji mwambie shemeji mwenyewe. Ila kwa kuwa nyumba ni yenu nyote wawili, mpigie mume simu jioni iliyotangulia, si kwa kushtaki, bali kwa kumjulisha: "Kesho nitazungumza na ndugu yako juu ya maji, kwa upole, na simfukuzi. Nimeona ulisikie kutoka kwangu." Hapo hata shemeji akipiga simu, mumeo atakuwa amekwisha kujua. Mumeo akikuambia uvumilie, mwambie kwamba ndivyo unavyofanya, na kwamba umechagua kusema ili usimchukie ndugu yake.

Asipobadilika, mstari wa 16 wa sura hiyo hiyo unaruhusu umchukue mwingine mmoja au wawili, na mwisho wa mwezi huyo mwingine atakuwa amefika kutoka Nairobi. Mkae watatu, mgawane gharama na saa za kuingia, na mume ndiye azungumze juu ya mchango, maana ni neno zito likitoka kwa mke wa kaka. Lakini usitazamie kwamba kijana atabadilika kwa kikao kimoja. Katika 1 Wathesalonike 5:14 Paulo anawaambia waumini wawaonye wasiokaa kwa utaratibu, na kabla sentensi haijaisha anawaambia wavumilie watu wote. Ukisha kumwonya, ataosha tena pikipiki kwa maji yako siku fulani, au atagonga mlango saa saba za usiku, nawe utalazimika kumwambia mara ya pili kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Huo ndio uvumilivu uliouuliza. Mpaka sasa hujapata nafasi ya kuujaribu, kwa kuwa hujamwambia hata mara moja.

Utujulishe mumeo akishafika.